Mwenye Shauri Apande

Sehemu ya tisa

Injini haikuzimika.

Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wasomaji waliokwisha kumzika Hidaya tangu wiki iliyopita. Wamfukue. Injini ilikohoa mara mbili, ikatema moshi mweusi, kisha ikaendelea kunguruma. Lililosimama ni gari. Gurudumu la mbele lilikuwa limegota kwenye gogo chini ya maji, katikati kabisa ya mto Kalubenge, na maji yalikuwa yamefika kwenye taa.

Hidaya hakuondoa mguu kwenye mafuta. Anayeacha mafuta ndani ya mto amekwisha, maana maji humpandia kwa nyuma kupitia bomba la moshi. Hilo alilijua.

Asilolijua lilikuwa limekaa kando yake.

Kando yake alikaa Léon, mekanisie, mwenye garaji pale Kasongo. Alikuwa ameloa jasho kuliko mtu aliyeanguka mtoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kitasa cha mlango.

“Unaenda wapi?” Hidaya akauliza.

“Niko napima tu kama mulango inafunguka.”

“Ukiufungua, maji itaingia mpaka kwenye viti. Ondoa mukono.”

“Mama Hidaya, tushuke. Tuache gari. Gari ni chuma tu.”

“Jana ulisema hakuna gari kama hii katika Maniema yote. Leo ni chuma tu?”

Léon alitazama ng’ambo ya mto, upande wa Kabambare. Hidaya akafuata macho yake. Pale ukingoni alisimama Souleymane, shemeji yake, mikono nyuma, ametulia kama mtu anayengojea chakula kiive.

Aliyekosa matoleo ya nyuma na aelewe hivi, kisha twende. Gari hili, Land Cruiser kuukuu ya silinda sita, lilikuwa la Kassimu, marehemu mume wa Hidaya. Baada ya mazishi Hidaya alishika usukani mwenyewe, akawa anawapelekea wenye maduka wa Kabambare chumvi na sabuni. Souleymane, kaka mkubwa wa marehemu, akasema gari la ukoo haliendeshwi na mke wa mtu. Ugomvi ukafika kwa Mzee Djamali, baba yao mdogo. Mzee akaamua: masika haya Hidaya avuke Kalubenge na mzigo, pale daraja la magari lilipovunjika. Akivuka, gari ni lake na mtu asimsumbue tena. Likizimika ndani ya maji, au likivutwa kwa kamba, ufunguo unakwenda kwa Souleymane siku hiyo hiyo.

Basi Hidaya akaenda kutafuta shauri mahali ambapo Kasongo nzima hutafuta shauri la magari, yaani garaji ya Léon siku ya Jumapili.

Mnaowajua watu wale mnajua walivyo. Huyu ameongeza resori za lori, zile springi za chini, ili gari lake lipande juu, na sasa mama yake mzazi hawezi kuingia bila kigoda. Yule amefunga magurudumu mapana mpaka yanakula bati kila akikata kona. Mwingine ameweka taa sita juu ya paa, na betri yake haina nguvu ya kuwasha hata mbili. Wanashauriana, wanatukanana, wanarudi nyumbani na grisi kwenye kanzu. Lakini wana sheria moja, nayo haichezewi: mwenye shauri apande. Ukimwambia mtu abadilishe kitu katika gari lake, naye akakubali, basi siku ya kulijaribu utakaa kando yake, mahali pabaya kuliko pote. Sheria hiyo imewafunga midomo wajuaji wengi.

Léon ndiye aliyeshauri pua. Hivyo ndivyo wanavyoliita bomba la hewa linalotoka ubavuni mwa gari na kupanda mpaka juu ya paa, ili injini ivute pumzi juu wakati maji yako chini. Aliikata mwenyewe, akaichomelea mwenyewe, akaifunga mwenyewe.

Ndiyo maana leo Léon alikuwa katikati ya mto.

Injini ikakohoa mara ya tatu.

“Pua iko juu ya paa,” Hidaya akasema polepole. “Maji iko kwenye taa. Basi motere inakohoa nini?”

“Sijue.”

“Unajua.”

“Mama, naapa kwa Bikira Maria...”

“Usimwingize mutoni. Nimekuuliza wewe.”

Kutoka kwenye magogo ya kuvukia pikipiki, wenzao wa Jumapili walikuwa wamejipanga kama kuku juu ya dari, kila mmoja na shauri lake.

“Weka gia ya pili!”

“Ya pili ya nini, mujinga wewe! Ya kwanza, na akanyage!”

“Nilimwambia aongeze resori za mbele! Nilimwambia! Kichwa ngumu!”

“Zako zilivunjika Lusangi juu ya jiwe kama yai. Nyamaza!”

Hidaya akatoa kichwa dirishani. “Nani anashauri? Aje apande! Nafasi ya nyuma iko!”

Wote wakatazama magogo waliyokanyaga. Hata mto ulisikika.

Akarudisha kichwa ndani na kumgeukia Léon. Mguu wake haukucheza kwenye mafuta. “Sasa wewe. Sema, maji haijafika kwenye kapo.” Kapo, kwao, ni boneti ya gari.

Léon akasema. Alisema haraka, kama mtu anayetapika.

“Ile pua, mahali inaungana ndani, chini ya kapo. Sikuifunga na pete ya chuma. Niliifunga na mupira, kipande cha shambrea ya ndani ya tairi. Maji ikifika pale, mupira inateleza, bomba inaachana. Matone imeanza kuingia. Njo maana inakohoa.”

“Ulisahau pete?”

“Sikusahau.”

Hidaya alimtazama. Mtu mwingine angempiga kofi. Yeye mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani, na usukani ulikuwa unapigana naye kwa nguvu ya maji.

“Nani?”

“Souleymane. Alisema haitakuwa kitu kikubwa. Motere inazimika tu, tunaivuta, basi. Hakuna mutu anakufa.”

“Alikupa nini?”

Léon akainamisha kichwa. “Motere.”

“Nini?”

“Alisema yeye anataka gari tu, ataweka motere ingine. Hii ya silinda sita atanipa mimi.”

Ninyi mnaopita mbele ya garaji yake mnalijua pikapu lake la bluu. Limekaa pale bila injini tangu alipohama kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila, na kuku wa jirani wanataga ndani ya kapo. Kila mvua ikipita Léon hulifuta vumbi na matope, akaketi ndani, akashika usukani wa gari lisilokwenda. Watu walimcheka. Souleymane hakumcheka. Souleymane alimwangalia, akajua pa kumshika.

Hidaya naye akajua pa kumshika.

“Léon. Motere ya mazuti, hii ya dizeli, inakunywa maji ikiwa inazunguka kwa nguvu. Inakuwa nini?”

Léon akafumba macho.

“Wewe ni mekanisie. Sema.”

“Pistoni inagonga maji. Maji haibanwe kama hewa. Vyuma vya ndani vinapinda. Pengine vinatoboa tumbo.”

“Na inatengenezwa?”

“Apana. Inakuwa ya kuuza kwa kilo.”

“Vizuri,” Hidaya akasema, na akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, kindege cha mtoni kikaruka. “Souleymane alifikiri nitaogopa, nipunguze, izimike polepole. Sipunguze. Mupira ikiteleza, itakunywa kwa nguvu yote. Mimi nitakosa gari. Yeye atapata sanduku la bati. Wewe utapata chuma ya kufungia mbuzi. Chagua.”

“Mama, acha! Unaiua!”

“Wewe njo ulianza kuiua. Mimi namaliza.”

Maji yalipita taa. Yakalamba ukingo wa kapo.

Léon alitoka kwa dirisha. Sijui mtu wa mwili wake alipitaje katika dirisha lile, lakini alipita. Akaparamia ubavu wa gari, akafungua komeo la kapo, akalala kifudifudi juu ya bati la gurudumu, kapo imemwegemea mgongoni kama mlango wa ghala. Mkono ukazama ndani. Akavuta. Ule mpira ukakatika, na maji yakaruka pale bomba lilipoachana.

Injini ikameza hewa na povu, gari zima likatetemeka.

Kisha ikashika tena.

Léon alikuwa ameinua mdomo wa bomba, lile la mpira linaloingia kwenye injini, juu ya kichwa chake. Pua haikuwa na kazi tena. Injini ilikuwa inavuta pumzi kutoka mkononi mwa mtu.

“Nenda!” akapiga kelele. “Nenda, mama, nenda!”

“Nende wapi? Kapo imenifunga macho! Naona upande wangu tu!”

Hapo, wasomaji wangu, ndipo Souleymane alipopoteza utulivu. Alishuka mpaka maji yakafika kwenye viatu vyake vya kung’aa.

“Léon! Umechoka, ndugu yangu! Shusha mukono!”

Watu wote juu ya magogo walilisikia. Mzee Djamali, aliyekaa ng’ambo ileile juu ya kiti cha plastiki na mwavuli mkononi, alilisikia pia. Akageuza kichwa, akamtazama mtoto wa kaka yake.

“Léon!” Souleymane akaita tena. “Kushoto! Mwambie akate kushoto, kwenye maji tulivu!”

Upande wa kushoto maji yalikuwa yametulia kweli. Yalikuwa laini, hayana hata kikwaruzo. Mtu asiyeujua mto angeyapenda.

“Wapi?” Hidaya akapaza sauti. “Léon, wapi?”

Léon alimtazama Souleymane. Kisha akalitazama lile bomba lililokuwa linanyonya hewa karibu na sikio lake.

“Kulia!” akasema. “Rudi nyuma kidogo, toka kwenye gogo, halafu kulia! Kushoto iko shimo!”

Hidaya alikuwa na sababu zote za kutomwamini. Alikuwa amedanganywa na mtu huyo kwa wiki nzima, akampikia na chai. Lakini alifikiri upesi, akasema moyoni: huyu anaweza kunidanganya mimi, hawezi kuidanganya injini ile.

Akarudi nyuma kidogo. Akakata kulia. Gurudumu likapanda juu ya kokoto ngumu, likateleza, likashika.

“Tena!”

“Mukono yako?”

“Acha mukono yangu! Tena!”

Gari likapanda kidogo. Maji yakarudi kwenye taa. Likapanda tena. Yakarudi chini ya taa. Juu ya magogo wale watu wa Jumapili walikuwa wamesahau magomvi yao, wanapiga kelele zisizo na maana, na mmoja alipoteza kofia yake mtoni asijue.

Gari likatoka Kalubenge upande wa Kabambare, linamwaga maji kila tundu, injini inanguruma, na Léon amelala juu yake kama mnyama aliyewindwa, mkono bado umeinuliwa juu.

Hidaya hakulizima. Alivuta breki ya mkono, akashuka, akaenda moja kwa moja mbele ya kiti cha plastiki.

“Baba Djamali. Nimevuka.”

“Nimeona.”

“Haijavuka!” Souleymane akaja mbio, viatu vinalia maji. “Baba mudogo, ulimwona yule mutu juu ya kapo? Gari imesaidiwa! Gari inayobebwa pumzi na mutu haijavuka yenyewe!”

Mzee Djamali alifunga mwavuli wake. Ni mtu asiyependa kuharakishwa, na kuzungumza na watu wenye kelele humchosha.

“Nilisema isizimike. Imezimika?”

“Apana, lakini...”

“Nilisema isivutwe na kamba. Nionyeshe kamba.”

“Baba mudogo...”

“Sasa mimi nakuuliza wewe. Kwa nini ulimwambia ashushe mukono?”

Souleymane akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha pua.

“Nilimwonea huruma.”

“Huruma!” Hidaya akasema. “Tangu mazishi ya mudogo wako hujaleta hata kikombe cha unga kwangu. Huruma imekukuta leo mutoni?”

“Shemeji, chunga ulimi wako. Mbele ya wazee.”

“Ulimi wangu ni wangu. Na gari pia.”

Watu wa Jumapili walikuwa wamekwisha kuvuka magogo, wamezunguka. Léon aliteremka kwenye kapo. Mkono wake haukutaka kushuka, akaukunja kwa mkono mwingine.

“Léon,” Hidaya akasema kwa sauti ya wote kusikia. “Shauri la kufunga pua na shambrea lilikuwa la nani?”

“Mama, tafadhali.”

“La nani?”

Léon akawaangalia wenzake. Hao ndio waliokuwa wanaleta magari yao kwake. Akijibu, anapoteza mmoja. Asipojibu, anawapoteza wote.

“La Souleymane,” akasema.

“Mwongo!” Souleymane akamrukia. Wakamshika. “Muchimbaji wa mashimo! Alikuja kwetu na koleo, tukamfundisha kuvaa viatu, leo anatukana watu wa Kasongo!”

“Mimi sikutukana mutu. Na ni wewe ulisema muke hajui pete ya chuma na mupira.”

“Nilisema wapi?”

“Kwenye garaji yangu, umekalia ndoo yangu, unakunywa chai yangu!”

Mmoja wa wale watu, yule mwenye taa sita, akakohoa. “Basi sheria iko wazi. Shauri lilikuwa la Souleymane. Mwenye shauri apande.”

“Apande!” wengine wakadaka. “Apande mpaka Kabambare!”

“Akae mbele, tumwone!”

“Na pua ifungwe vilevile, na shambrea yake!”

Ilikuwa fedheha kubwa kuliko kushindwa. Mtu wa ukoo mkubwa wa Kasongo, mwenye duka na mwenye gari lake mwenyewe, apite katikati ya Kabambare amekaa kando ya mke wa marehemu mdogo wake, kila mtu akijua kwa nini. Souleymane aliwatazama mmoja mmoja. Mshipa wa shingo ulimsimama.

Kisha, ghafula, akatulia. Utulivu ule ule wa mwanzo.

“Sawa,” akasema. “Lakini kabla sijapanda, Baba mudogo, njoo uone kitu. Na ninyi wote mnaojua magari kuliko walioyaunda, njooni.”

Akachomoa kisu kidogo cha mfukoni. Akalala chali palepale kwenye matope, na kanzu yake nyeupe, mtu ambaye hukung’uta mkeka kabla ya kukaa. Akajisukuma chini ya gari mpaka kiunoni. Wakasikia anakwangua.

“Inameni!”

Wakainama. Matope yalikuwa yameondoka kwenye shasi, ule uti wa chuma unaobeba gari zima. Nyuma kidogo ya viti vya mbele, chuma kilikuwa na kovu. Lilikuwa kovu nene, lililokatisha kutoka upande mmoja hadi wa pili.

“Mnaona mushono huu?” Sauti ya Souleymane ilitoka chini. “Gari hii ni mbili. Mbele ni ya Kassimu. Nyuma ni ya gari yangu ya zamani, ile ilianguka kwenye mulima wa Lusangi. Yake ilikuwa imeoza nyuma, yangu ilikuwa imevunjika mbele. Tulikata, tukaunga. Muulizeni aliyechomelea. Iko hapo mbele yenu, na mukono unamuuma.”

Macho yote kwa Léon.

“Ni kweli?” Mzee Djamali akauliza.

Léon alitamani mto umchukue. “Ni kweli, Muzee. Niliunga mimi.”

“Hidaya, ulijua?”

“Nilijua iliungwa,” Hidaya akasema. “Kassimu alisema kaka yake alimpa.”

“Nilimwazima!” ikatoka chini ya gari.

“Mutu anaazima nusu ya gari?”

Watu wakacheka. Mzee Djamali hakucheka. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na haki yake ilikuwa ya mizani: hiki cha huyu, hiki cha yule.

“Niliamua juu ya gari ya Kassimu,” akasema. “Sikuamua juu ya gari ya watu wawili. Kama nusu ni ya Souleymane, siwezi kuitoa. Ile neno nilisema, ilikuwa ya nusu ya mbele.”

“Baba!” Hidaya akasema.

“Mwanangu, nifanye nini? Chuma iko inaonekana.”

“Alidanganya! Alitaka kunizamisha, na wote walisikia!”

“Udanganyifu wake tutauhukumu kwetu, Kasongo, na atajuta. Lakini mali ni mali.”

Chini ya gari Souleymane alikuwa anakwangua tena. Alikuwa anachora mstari kwa ncha ya kisu, kando ya lile kovu, kutoka upande huu hadi ule.

“Nitakata hapa,” akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha. “Sitaki pungufu, sitaki zaidi. Yeye abaki na usukani wake na motere yake na magurudumu mawili, aendeshe kama toroli. Mimi nachukua yangu. Léon, ile mashini yako ya kukata, utaileta kesho. Usipoileta, nitawaambia hawa wote mambo mengine uliyofunga na shambrea.”

Kila mwenye gari pale aligeuka kumtazama Léon, na kila mmoja akaanza kufikiria gari lake mwenyewe: breki alizofungiwa na Léon, usukani alioungiwa na Léon. Yule mwenye taa sita akaonekana mgonjwa. Wakamzunguka. “Mambo gani mengine?” “Yangu ulifunga na nini?” “Sema, mbwa wewe!” Mmoja akamkamata shingo. Mwavuli wa Mzee Djamali ukaanguka, akapiga kelele za kuwatenganisha, hakuna aliyemsikia.

Hakuna aliyemtazama Hidaya.

Alikwenda kwenye kapo. Akaliokota lile bomba la mpira lililoachwa linaning’inia, akalirudisha mahali pake, akavua mkanda wa kitambaa kiunoni mwake na kulifunga kwa mafundo ya mtu anayefunga magunia ya chumvi kila wiki. Akaishusha kapo polepole, isilie.

Akapanda. Akafunga mlango. Injini ilikuwa bado inanguruma, haikuwa imezimwa tangu Kasongo.

Miguu ya Souleymane ilikuwa nje, upande wa kulia, viatu vya kung’aa vimeelekea mbinguni. Kiuno na kichwa vilikuwa chini ya chuma, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Bado alikuwa anachora.

Hidaya akatoa kichwa dirishani.

“Shemeji.”

“Nini?”

“Yako ni ya nyuma?”

“Ya nyuma yote, shemeji! Hata bawaba ya mulango wa nyuma!”

“Basi ishike vizuri,” Hidaya akasema, na akaingiza gia ya kwanza. “Ya mbele inaenda Kabambare.”

Akashusha breki ya mkono.